Msitu Uliopona kwa Wavunja Amri

Isome mpaka mwisho, kisha mtumie yeyote unayemjua aliyepewa uenyekiti juzi.

Shekiondo alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya msitu wa kijiji. Msitu huo uko mlimani, na katika bonde lake ndimo ilimo chemchemi inayonywesha kijiji kizima, na siku ya kuchaguliwa aliapa kwamba haitakauka mikononi mwake. Alikuwa mtu wa maneno machache na amri nyingi.

Wiki ile ile akapiga marufuku. Mama Nzota asirine tena asali msituni, Mhando asichome mkaa hata wa miti iliyojiangukia, na Parmuat asiingize ng'ombe hata mmoja.

"Mwenyekiti, si ungetuuliza kwanza?" Mama Nzota alisema.

"Niwaulize wezi namna ya kulinda?" akajibu, akajiona amemaliza kazi.

Kiangazi cha pili, moto wa kusafishia shamba ukamshinda mtu, ukaingia msituni. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani, na magogo makavu yamelala kila mahali. Ulipozimika, mlima wote ulikuwa mweusi. Shekiondo hakuwahi kuogopa namna ile. Alipanda mbio kuelekea chemchemi, akijua atakuta majivu.

Akakuta kijani. Miti ya bonde lile ilikuwa imesimama yote, maji yanatiririka, nyuki wanavuma. Moto ulifika ukingoni ukafa. Akatazama chini. Nyasi zilikuwa fupi, zimejaa samadi. Magogo makavu hayakuwepo. Na kuzunguka kila mti wenye mzinga palikuwa pamefagiliwa mpaka udongo, kama uani.

Kumbe wale watatu hawakuacha kuingia. Walikuwa wakiingia kwa kificho.

Aliwaita mbele ya mkutano wa kijiji. Watu walijipanga kushuhudia wenzao wakifukuzwa.

"Ni kweli mnaingia bondeni?"

"Kweli, mzee," alisema Parmuat. "Ng'ombe wangu wanakula nyasi, Mhando anaondoa miti mikavu, mama anafagia chini ya mizinga yake. Kila mtu na riziki yake."

"Kwa hiyo mlikaa mkapanga kuulinda msitu?"

"Hapana," alisema Mhando. "Tulikaa tukapanga tusikutane na wewe."

Mkutano ukaangua kicheko. Shekiondo hakucheka. Machozi yalimtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.

"Miaka miwili mimi nimeulindia moto kuni zake," akasema. "Ninyi mmetulindia maji. Nisameheni. Kesho asubuhi twende sote wanne, mnionyeshe mlivyofanya, tuanze na upande ulioungua."

"Uje na fagio," Mama Nzota akamwambia.

Funzo: Msitu haulindwi kwa kuwafukuza wanaoutegemea, bali kwa kukaa nao na kukubaliana nani afanye nini. Huyo unayemwita mharibifu huenda ndiye anayekufanyia kazi usiyoijua.