Masika, Siafu Aliyebaki

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitikia kama mliokunywa uji wa jana. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa mko hai.

Hapo kale, ardhi ikiwa bado laini, paliishi siafu elfu mbili mia tano ishirini na mmoja. Msihesabu kwa vidole, mtaazima vya jirani. Jemadari wao aliitwa Kimbunga, na sheria yao ilikuwa moja: siafu hawaachani mpaka wagawane sawa kwa sawa.

Kimbunga alipenda gwaride kuliko chakula. "Wawili wawili!" Wakajipanga, akabaki mmoja: Masika, mwenye mguu mfupi, afikaye mwisho. "Watatu watatu!" Akabaki Masika. "Wanne wanne!" Akabaki Masika. Ikawa hivyo mpaka kumi kumi, akabaki Masika yuleyule, anahema.

"We Masika, unanitia aibu!"

"Nisamehe, Jemadari. Lakini siku ile mlipogombania panzi mkataka kuachana, mligawana nikazidi mimi. Mkacheka, mkarudi kula pamoja."

"Maneno ya wavivu hayo. Potea!"

Masika akaenda zake akichechemea.

Kimbunga akapanga upya. Wawili wawili, sawa. Watatu watatu, sawa. Kumi kumi, sawa! Kichwa kikamvimba.

Kesho yake ukazuka ugomvi. Hawa, "Twende mlimani!" Wale, "Twende bondeni!" Hawa na wale, "Basi tugawane!" Wakagawana mafungu mawili, hakuzidi mtu. Kimbunga akatafuta wa kuchekwa, hayupo.

Yale mafungu nayo yakagombana. Kila fungu likakatika matatu, sawa. Kila kipande kikakatika saba, sawa. Kila kijipande kikakatika kumi, sawa. Kimbunga akajikuta na wenzake watano tu.

Muhanga, yule mnyama mla siafu, akachungulia kutoka shimoni. Zamani akiwaona alikimbia, maana wangemtafuna mpaka masikio. Sasa? Sita, lamba! Sita, lamba! Sita, lamba! Chini ya jiwe walikojibana, Kimbunga aliusikia kila mlambo.

Muhanga aliposhiba akalala, Kimbunga akatoka kuita. "Masika ee!" Kimya. "Masika ee!" Kimya. "Masika, ndugu yangu ee!" Jani likatikisika.

"Nipo, Jemadari. Wengine wako wapi?"

Kimbunga akawaita wale watano watoke chini ya jiwe.

Masika akawatazama wale sita, akaingia mwisho wa mstari kama kawaida yake. Wakawa saba. Wawili wawili, anabaki mmoja. Watatu watatu, anabaki mmoja. Saba hawagawanyiki, lakini saba si elfu mbili, jamani. Kimbunga hakupiga gwaride tena mpaka anakufa.

Ndiyo maana siafu leo hutembea mstari mmoja mrefu, na wa mbele humsubiri wa mwisho. Anayekuharibia hesabu huenda ndiye anayeishikilia.

Ngano yangu nimeitua hapo. Mkitaka kuigawana, gawaneni. Asiyepata fungu asinitazame, mimi nimeshiba kwa kuisimulia.