Kanga Aliyetoa Hodi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo amejibu kwa sauti ya mgonjwa? Leo sina utani. Leo nina hasira, na hasira yangu inataka watu walio macho. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Watoto, sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msijifanye mnazungumza yenu, maana hadithi hii ni yenu kuliko yao.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya vichaka na mawe, palikuwa na Kanga. Jina lake Mwanamadoa. Alikuwa mjane, mumewe alinyakuliwa na mwewe. Alikuwa na watoto wadogo, wale wa kumfuata mama yao nyuma, pii, pii, pii. Hawa walikuwa watoto wa pili. Wa kwanza aliwazika wote kiangazi kilichopita. Njaa tupu iliwaua, wala si chui. Mwanamadoa akaapa: "Wallahi, hawa hawatakufa kwa njaa."

Basi akawa mtu wa kuweka. Akiokota mtama, anakula kidogo, kingine anaweka. Anaona uchu, anaweka. Akiweka wapi? Kwa Nungunungu.

Mzee Nungunungu alikuwa na pango kubwa, na ndani ya pango mna mashimo, kila mnyama na shimo lake. Mle ndani ni giza, na macho ya mzee hayana nguvu. Hakumjua mtu kwa sura. Alimjua kwa hodi. Kila mnyama alikuwa na hodi yake ya kugonga kwenye jiwe la mlangoni, na hodi hiyo haijui mtu ila mwenyewe na Nungunungu. Ukigonga yako, shimo lako linafunguliwa. Ukigonga ya uongo, unakutana na miiba. Na kwa kazi hiyo mzee alikata fungu lake katika kila kilichowekwa, wala si fungu dogo.

Siku Mwanamadoa alipopeleka mtama wa kwanza, mzee alimwambia, "Mwanangu, hodi yako ni yako. Usimpe jirani, usimpe hata mtoto wako. Mimi mwenyewe sitakuja kukuuliza, maana ninaijua. Wala sitamtuma mtu. Akija mtu kukuuliza, huyo hakutoka kwangu."

"Nimesikia, babu."

Na alisikia kweli. Tatizo halikuwa masikio. Tatizo lilikuwa ukanga wake.

Kanga mnawajua. Jani likianguka, mmoja anapiga, kekekeke! Wote wanapokea, kekekeke! Na mbio! Hakuna aliyeuliza ni nini. Kelele kwanza, mbio pili, maswali baadaye. Hivyo ndivyo mama zao walivyowafunza, na msiwacheke, si ujinga. Kanga anayesimama kuuliza kama yule kwenye majani ni chui kweli, huyo ameshaliwa.

Lakini palikuwa na mtu aliyekaa akawatazama kanga, akaijua desturi yao yote. Mtu huyo ni Kicheche. Alaaniwe! Semeni, alaaniwe!

Alaaniwe!

Kicheche halimi, haokoti, hatoki jasho. Kazi yake ni kulala kichakani na kujifunza udhaifu wa wenzake. Sasa, Mzee Nungunungu akitembea, miiba yake hupukutika njiani, na mzee haiokoti. Mvivu! Kicheche akaiokota. Akajichomeka mgongoni, mmoja, na mwingine, na mwingine. Akajipaka udongo wa pangoni. Ukimtazama haraka haraka, ungesema huyu ni kijana wa Nungunungu.

Basi siku moja, adhuhuri, jua la utosi, Mwanamadoa anachakura na watoto wake, kwaru, kwaru. Mara vichaka vikapasuka. Mtu anakuja mbio, anahema, hah! hah! hah!

"Mama Mwanamadoa! Mama, hatari! Pango limevamiwa! Nimetumwa na mzee!"

"Limevamiwa na nani?"

"Panya! Wako kwenye shimo lako, hivi tunavyozungumza! Mzee anataka kuuhamisha mtama wako, lakini wamemng'ata kichwa, amechanganyikiwa, hodi yako imemtoka. Igonge hapa kwenye gogo niisikie, nimkimbilie!"

"Hodi yangu? Lakini mzee alisema..."

"Mama! Wewe unabishana, panya wanatafuna! Hawa watoto kiangazi watakula maneno yako?"

Aa! Hapo alimpata. Kekekeke! Mwanamadoa akapiga kelele, na watoto wakapokea. Damu ikampanda kichwani. Akainama kwenye gogo. Ko! Ko-ko! Kwaru!

"Rudia, mama!"

Ko! Ko-ko! Kwaru!

"Ahsante. Wewe kaa hapa hapa. Usije kule, ni hatari kwa watoto." Huyo, mbio!

Mmesikia alivyosema? Usije kule. Mwizi wa namna hii siku zote hataki uende mwenyewe ukaulize.

Mwanamadoa akakaa. Akasubiri. Moyo ukatulia kidogo kidogo, na moyo ulipotulia akili ikarudi. Akasimama ghafla. "Mama yangu! Nimefanya nini?"

Akakimbia mpaka pangoni, watoto nyuma, pii, pii, pii. Akagonga hodi yake. Shimo likafunguliwa. Akaingiza kichwa. Hamna. Hamna hata punje moja.

"Babu! Mtama wangu uko wapi?"

"Si umeuchukua mwenyewe sasa hivi?" akasema Nungunungu. "Umegonga, umebeba. Umegonga, umebeba. Hodi ilikuwa yako sawasawa."

"Sikuwa mimi! Alikuja kijana wako, ana miiba, akasema umemtuma!"

"Mimi sina kijana. Na nilikuambia usimpe mtu. Ulitoa mwenyewe kwa hiari yako. Kosa langu liko wapi?"

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kutafuna. Anatafuna nini? Fungu lake.

Nje ya pango walikuwapo jirani zake, Kima na Ngiri. Wamesikia kila kitu. Wakacheka! Kima akashika mbavu. "Kichwa cha kanga hicho, kidogo kama kunazi! Mtu anakuomba hodi, unampa?" Ngiri akapiga kwato chini. "Mimi? Aje kwangu aone!"

Wewe pale nyuma, naona nawe unacheka. Cheka tu. Nyani haoni kundule.

Mwanamadoa akarudi nyumbani, akaficha kichwa chini ya bawa. Aliona haya hata mbele ya watoto wake. Akajisemea, nitanyamaza. Habari hii ife. Lakini watoto njaa inawauma, pii, pii, na ilimbidi atoke kuchakura. Alipotoka akamkuta nani mchangani? Kima! Kima amepiga magoti, anapekua mchanga kwa vidole, anatafuta punje walizoacha kanga.

"Bwana Kima, tangu lini ukachakura?"

"Aa, nimeangusha kitu."

"Njugu zako si ziko kwa mzee?"

"Ziko."

"Basi twende ukazitoe, nami nione."

Kima akalia, mtu mzima yule, akalia kama mtoto.

"Zimekwenda, dada. Alikuja mtu ana miiba. Akasema nimechaguliwa miongoni mwa kima wote, nimepata shimo la pili, bure, limejaa ndizi. Nigonge tu hodi yangu kuthibitisha kwamba ni mimi. Na Ngiri naye ameibiwa. Aliambiwa ndugu yake ametumbukia kwenye mtego, mzee anahitaji hodi yake ili atoe chakula cha kumkomboa."

"Nanyi mkanicheka!"

"Tulicheka ili usituulize."

Hasira gani aliipata Mwanamadoa siku ile! Akamkasirikia Kima, akajikasirikia mwenyewe, akamkasirikia yule mzee anayetafuna. Maana alielewa sasa. Kicheche hakushiba kwa ujanja wake tu. Alishiba kwa haya za watu. Kila aliyeibiwa amejifungia na aibu yake, na jirani hajui, na kesho ni zamu ya jirani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi akapanda juu ya kichuguu, mchana kweupe, akafungua koo. "Kekekeke! Nimeibiwa! Mimi Mwanamadoa nimeibiwa! Nilitoa hodi yangu kwa mtu aliyevaa miiba! Nani mwingine?"

Vichwa vikachungulia, vikarudi ndani.

"Nani mwingine, nasema!"

Akatoka Pimbi mwambani, macho chini. "Na mimi." Akatoka Digidigi. "Na mimi." Akatoka Ngiri, yule wa aje kwangu aone. "Na... na mimi." Wakawa kundi, wakaenda pangoni, njiani kila mmoja akisimulia alivyolia kwa mzee.

Nungunungu akaanza wimbo wake. "Mlitoa wenyewe. Kosa langu liko..."

"Nyamaza, mzee!" akasema Mwanamadoa. Hajawahi kumwambia mkubwa hivyo tangu azaliwe. "Mimi nilitoa. Kosa langu nalijua, nalala nalo. Sasa sikiliza lako. Miiba ile ni ya nani? Unaipukutisha njiani na huokoti, huku fungu unakata. Pimbi alikuja kulia hapa. Digidigi alikuja kulia hapa. Kila mmoja ulimwambia yeye peke yake ndiye mjinga. Ulijua kuna mwizi, mzee! Ukanyamaza, tusije tukahamisha vyakula vyetu!"

Nungunungu akatunisha miiba, chwaa! Hakuna aliyerudi nyuma. Wamekwisha choka. Miiba ikalala yenyewe.

Siku hiyo mzee alibadilisha hodi za wote. Akatoa katika fungu lake, akawagawia, kwa uchungu kama anayeng'olewa jino. Na tangu hapo akawa anaokota miiba yake. Alinung'unika, lakini aliokota.

Je, mtama ule ulitosha? Haukutosha. Kiangazi kikaja na macho mekundu. Majani yakakauka, visima vikakauka. Mtoto mdogo kabisa wa Mwanamadoa, yule wa mwisho katika mstari, akaanza kubaki nyuma. Akaacha kulia pii. Asubuhi moja hakuamka.

Msiniangalie hivyo. Mlidhani wizi wa maneno hauui?

Mwanamadoa hajamaliza hata kulia, huyoo, Kicheche! Safari hii haji mbio. Anakuja taratibu, sauti ya asali, na mdomoni ana suke la mtama.

"Pole, mama. Nimesikia msiba. Lakini nimeleta furaha. Mwizi amekamatwa! Mtama wako wote umepatikana, huu hapa mfano wake. Mzee anarudisha leo, jua likipinda anafunga. Gonga tu hodi yako mpya, nikuletee mpaka hapa mlangoni."

Watoto wakaliona lile suke. Pii! Pii! Pii! Na Mwanamadoa, nawaambia kweli, mwili wake wote ulimwambia gonga. Mdomo ulishuka wenyewe kuelekea gogo. Akauchomeka mchangani, akaushikilia pale mpaka pumzi zikamrudia.

"Ahsante, kijana. Nitakwenda mwenyewe."

"Hakuna muda, mama!"

"Kama ni wangu, utanisubiri."

"Mama, utachelewa! Watoto wako watakufa!"

Mwanamadoa akainua kichwa. "Rudia hilo."

"Lipi?"

"La watoto wangu kufa. Rudia."

Kicheche akarudi hatua nyuma. Na hapo, kekekeke! Kelele iliyopasua nchi! Lakini hakukimbia. Kanga alipiga kelele akasimama palepale, mabawa wazi, amemzibia njia. Kima akaruka kutoka mtini, puu! Ngiri akatoka na pembe zake. Hata Nungunungu akaja, anajikwaa kwenye mawe, anauliza, "Yuko wapi anayevaa miiba yangu?"

Wakamshika. Wakamnyofoa miiba, nyofo, nyofo, nyofo. Chini yake pakabaki kijitu chembamba chenye mistari, kinanuka. Kikatoa harufu yake, puuu, wakaziba pua kwa mkono mmoja na kumpiga kwa mwingine. Wakalifukua tundu lake. Mtama uko wapi? Wamekuta makapi. Njugu? Maganda. Alikwisha kula vyote, yeye na ndugu zake. Hakuna kilichorudi.

Wakamfukuza mpaka ng'ambo ya mto. Kima akamwambia Mwanamadoa, "Basi, dada. Sasa pumzika, nyamaza."

"Ninyamaze?" akasema. "Aliyeniulia mwanangu hakutumia meno, ametumia haraka yangu mwenyewe. Na ng'ambo ya mto pia kuna mama wenye watoto." Akapanda juu ya kichuguu, akaelekeza uso ng'ambo, akaanza kuita.

Na nyinyi msidhani Kicheche alikufa. Leo pango letu linaitwa benki, na yeye haji kwa miguu. Anakuja kwenye simu. Anakuja kwenye barua pepe, amejichomeka nembo ya benki mgongoni, anakuita mteja wetu mpendwa. Anakwambia akaunti yako inafungwa, au umeshinda, au mwanao amelazwa. Anataka namba yako ya siri, sasa hivi, kabla hujafikiri.

Mafunzo yake ni haya. Anayekuharakisha utoe siri yako ni mwizi, hata akija na sura ya mlinzi. Usimjibu. Nenda kaulize mwenyewe, kwa njia unayoijua wewe, si kwa njia aliyokupa yeye. Na ukishaibiwa, piga kelele siku hiyohiyo, kwa mlinzi na kwa jirani. Aibu ni ya mwizi. Usimbebee.

Hadithi yangu imeishia hapo. Hasira yangu bado.