Mkono Uliomtangulia Mwenyewe

Hapo zamani, nyie mnaopenda kuhukumu sogeeni karibu, palikuwa na kijiji mlimani chenye lango moja tu. Juu ya lango lilining'inia gogo zito, na kamba yake ilishikwa na mtu mchana kutwa ili aiachie gogo limwangukie adui, kwa kuwa maadui walikuwa wengi. Lakini mshika kamba hakukaa peke yake. Nyuma yake alikaa mgusa kisogo, vidole vyake vimetua kichwani mwa mwenzake. Watu wa huko walijua kwamba kabla mkono haujakwenda, kichwa husisimka kidogo chini ya ngozi. Mgusaji akihisi hivyo husema "Bado", na mshikaji hubaki na muda mfupi tu, kama wa kumeza mate, ili ajizuie.

Siku hiyo kamba ilikuwa kwa Senkondo. Aliyemgusa kisogo ni Nakijwa, shangazi yake aliyemlea tangu ananyonya. Ukungu ulitanda, kivuli kikaingia langoni. Nakijwa akasema "Bado", na kamba ikaachiwa. Chini ya gogo alilala Kibacha, jirani yao, na mzigo wake wa chumvi.

Sheria ilikuwa moja: damu ya mwenyeji ikimwagika langoni, mlinzi mmoja hutoka na harudi. Na aliyetoka peke yake katika milima ile hakumaliza siku tatu.

Senkondo alimwambia chifu kwamba hakuamua. Alikuwa bado anajiuliza yule ni nani, akashtukia kamba imekwenda. Nakijwa alisema yeye alihisi na akasema, ila mwenye mkono ndiye hakujizuia.

Chifu hakuridhika. Akamwamuru Senkondo ainue kidole wakati wowote apendao, na Nakijwa amguse, aseme "Sasa" akihisi kichwa kinasisimka. Senkondo akapenda, akainua. Nakijwa ameshasema "Sasa". Senkondo akangoja, akajifanya hataki, akainua ghafla. Nakijwa ameshasema "Sasa". Mara saba, na mara zote saba alitanguliwa. Watu wakaanza kuitazama mikono yao kwa hofu. Kisha akaambiwa ajizuie akisikia "Sasa". Mara nyingine aliweza, mara nyingine kidole kilikwenda. Jasho lilimtoka kama anayepalilia juani.

Mjane wa Kibacha akasimama.

"Juzi uligombana na mume wangu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wewe hukumwona kwenye ukungu, sawa. Na hicho kichwa chako, nacho hakikumwona?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Senkondo tangu gogo lianguke. Aliogopa kusema ndiyo, na aliogopa kusema hapana, maana hakujua. Tena alikuwa na neno jingine kooni. Pale langoni, vidole vya shangazi vilikuwa vimekakamaa kichwani mwake, kikapita kitambo, ndipo "Bado" ikaja. Akilisema hilo, yeye atapona na shangazi atatolewa. Akalimeza, likapanda tena, akalimeza.

Nakijwa akamwondolea mzigo huo.

"Nilikawia," alisema. "Asubuhi ile nilimzuia mara tatu bure, walinzi wakanicheka. Mara ya nne nikataka kuhakikisha. Lakini mwanangu, nilisema kabla hujaachia. Ulinisikia?"

"Nilikusikia, shangazi."

"Ukajizuia?"

"Sijui kama nilijaribu."

Watu wakagawanyika. Wengine walisema huwezi kumfukuza mtu kwa jambo lililoanza bila yeye. Wengine walisema basi hakuna mwizi wala muuaji duniani, vichwa tu. Wengine walimnyooshea kidole Nakijwa, kwa sababu katika kitambo kile yeye peke yake ndiye aliyejua.

Lango likafunguliwa. Senkondo na shangazi yake walisimama bega kwa bega, kila mmoja akiomba asiwe yeye, na kila mmoja akiomba asiwe mwenzake. Chifu akainua fimbo ili amwonyeshe wa kutoka. Akahisi inaelekea upande mmoja, naye alikuwa bado hajaamua. Akaishusha haraka, akaogopa kuiinua tena.

Fimbo hiyo nawapa nyinyi. Je, nani alistahili kutoka: yule ambaye mkono wake ulimtangulia, au yule aliyejua kabla ya mkono?