Shokapu za Bwana Mkwizu

Palikuwa na tajiri mmoja pale Mtakuja, Bwana Mkwizu, aliyejenga barabara ya mtaa kisha akaisifu kuliko mama anavyomsifu kitinda mimba wake. Siku ya kuikabidhi alisema, "Hata yai halipasuki humu!" Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana ubwabwa ulikuwa karibu kupakuliwa.

Palikuwa pia na fundi. Gereji yake ni turubai na mawe manne, baiskeli yake mwenyewe haina breki, na mkewe husema mdomo wake umefungua nati nyingi kuliko spana zake. Msimtafute mbali. Fundi huyo ni mimi, Mbazi.

Sasa, tajiri alikuwa na pikapu kuukuu. Mwaka huo nilimbadilishia bushi na shokapu za mbele, vile vyuma vya kumeza mitikisiko, mara mbili, na mara mbili barabara yake ikazila. Mara ya tatu akaja gari linagonga ko-ko-ko, amempakia mwenyekiti wa mtaa, Mama Nakundwa, na watu wanafuata nyuma kutazama sinema ya bure.

"Fundi huyu ni mbovu," akasema. "Anifungie vyuma vipya bure, tena akiri mbele yenu kwamba kosa ni lake. Akikataa, sanduku lake la spana nalichukua!"

Sanduku lile ndilo unga wa watoto wangu.

"Unasemaje, fundi?" akauliza Mama Nakundwa.

"Ubovu wangu sikatai, mama. Muulize mke wangu, ana ushahidi wa miaka."

Watu wakacheka. Tajiri hakucheka.

"Ila huenda ni barabara," nikasema.

"Barabara yangu? Ina nini?"

"Wanasema ina mashimo."

"Nani anasema? Shimo liko wapi?" Akawageukia watu. Kila mmoja akaanza kukagua viatu vyake, maana nusu yao wana vibarua kwake.

"Basi halipo," nikasema. "Nisamehe, tajiri. Sasa nimeliona kosa langu."

"Kiri!"

"Nakiri. Niache nilirekebishe hapa hapa."

Nikapiga jeki. Nikafungua shokapu ya kushoto, nikafungua ya kulia. Tajiri amekunja mikono, anatabasamu, anadhani kazi ya bure imeanza. Nikarudisha magurudumu, nikashusha jeki, nikamwekea shokapu zake miguuni na ufunguo mkononi.

"Tayari."

"Tayari nini? Mpya ziko wapi?"

"Kosa langu lilikuwa kukufungia shokapu, tajiri. Hizo ni za watu wenye mashimo. Wewe una barabara ya mayai. Nenda salama."

Mama Nakundwa akaziba mdomo kwa khanga, akajikohoza. "Bwana Mkwizu, hebu endesha tuone. Ukifika kwako bila kurushwa kichwa, sanduku ni lako."

Tajiri akapanda. Akawasha. Akaitazama barabara yake, akaitazama tena. Akazima.

"We Mbazi," akasema kwa sauti ya chini, "rudisha shokapu."

"Za nini, tajiri? Kwani kuna shimo?"