Bi Mwaka na Kifuu cha Maji

Paukwa!

Pakawa!

Mnaosinzia, sogeeni huku mbele.

Zamani hizo, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino, palikuwa na mganga, Bi Mwaka. Ngoma yake, aliyorithi kwa mama yake, iliwatuliza waliovurugika akili. Ndu! Ndu! Ndu! Aliipenda kama mboni ya jicho.

Akaletewa Zuwena. Zuwena alizaa pacha, mmoja akafa. Tangu siku hiyo alikaa akiutazama ukuta, na pacha aliyebaki akilia njaa. Mama mkwe akasema, "Mwezi ukiandama hajapona, namrudisha kwao. Mtoto namchukua mimi."

Bi Mwaka akapiga ngoma. Ndu! Ndu! Ndu!

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, bibi."

Bi Mwaka akafurahi. Kesho yake, Zuwena yuleyule, ukuta uleule. Akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Ndu! Ndu! Ndu!

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, bibi."

Kesho yake, ukuta uleule, na sasa hata uji hataki. Bi Mwaka akachanganyikiwa. Anasema hajambo, mbona hali wala halali? Ni dawa? Ni jini? Au ni mimi nimezeeka? Akazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

Akiwa katika kuzunguka, jino bovu limemvimbisha shavu, jirani akapita.

"Hujambo, Bi Mwaka?"

"Sijambo!"

Akasimama. Lahaula! Jino linaniua, nami nasema sijambo?

Akaenda mbio kwa Zuwena na kifuu cha nazi na mtungi wa maji. "Mwanangu, leo usinijibu kwa adabu. Tia maji humu kadiri ya uzito wa moyo wako."

Zuwena akatia nusu. Bi Mwaka akapiga ngoma. "Haya, tia tena." Zuwena akatia, akatia, akatia, maji yakamwagika mpaka miguuni.

"Ngoma yangu inakuumiza?"

Zuwena akalia. "Mwanangu alipokata roho, kwa jirani palikuwa na harusi. Ngoma zilikuwa zikilia."

Bi Mwaka alitahayari, tena sana. Akaitundika ngoma. Toka hapo, kila asubuhi kifuu kwanza, dawa baadaye. Akajaribu mafusho: maji yaleyale. Akajaribu kukaa naye tu, wakisuka ukili, Zuwena akimtaja marehemu kwa jina: maji yakapungua. Siku nyingine yakapanda tena bila sababu, na bibi wa watu akashika kichwa, akabadili dawa.

Mwezi ukaandama. Mama mkwe akaja, mbeleko begani.

"Hujambo, Zuwena?"

"Usiku sikulala, mama. Moyo bado mzito." Zuwena akamhamishia mtoto titi la pili. "Lakini huyu upande mmoja keshaumaliza."

Mama mkwe akaitandika mbeleko mapajani, akaketi kumngoja mjukuu, amcheulishe kisha amrudishe kwa mamaye.

Enyi wasikilizaji, dawa haijisifu. Anayeijua ni aliyeinywa. Muulize, na umwache aseme kweli hata kama inakuchoma.

Hadithi yangu naitua hapo.