Zimwi Lililokula Magunia Saba ya Chumvi

Sogeeni. Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mimi mwenyewe niliapa kwa macho yangu mawili, na yote bado yanaona, basi nasema.

Palikuwa na mkuu wa kijiji, Tsewang, huko milima ya Himalaya, ambako watu hunywa chai ya siagi na chumvi. Bila chumvi, heri unywe maji ya kuoshea sufuria! Chumvi ya kijiji kizima ilikaa ghalani, ufunguo shingoni mwa Tsewang, na mjane Dolkar ndiye aliyefagia humo. Siku moja ghala likakutwa tupu. Siku ya tatu Tsewang akawaita watu wote uwanjani wanywe chai wamsikilize.

“Zimwi la theluji, lile lenye manyoya mwili mzima, limekula chumvi yetu,” akasema. “Na aliyeliita ni Dolkar, kwa kelele za ufagio wake. Atatoa yaki wake tulitulize.”

Yaki yule, ng'ombe wa manyoya hadi kwato, ndiye maziwa yake, ndiye siagi yake. Hakuwa na kingine.

“Mkuu, limekula magunia yote saba?” Dolkar akauliza.

“Saba.”

“Chumvi na gunia lenyewe?”

“Lilikuwa na njaa.”

“Na kufuli?”

“Lina vidole virefu.”

“Likala, likatoka, likafunga tena?”

“Limelelewa vizuri!” akafoka.

Watu wakacheka ndani ya vikombe. Chai ile isiyo na chumvi ilikuwa imewakunja nyuso wote, isipokuwa mmoja. Tsewang alikuwa akitia mkono kifuani mwa koti lake la manyoya, kisha anachovya vidole kikombeni, anakunywa, analamba midomo. Dolkar akaona.

“Haya, nimeshindwa,” akasema, akamleta yaki wake kwa kamba hadi katikati ya uwanja. “Mchukue. Ila mpokee kwa mkono wako mwenyewe, Mkuu, watu washuhudie.”

Tsewang akanyoosha mkono, meno yote nje. Dolkar akaachia kamba.

Jamani, mnajua yaki anavyopenda chumvi? Akalamba vidole. Akalamba mkono wa koti. Akazamisha kichwa kizima kifuani, Mkuu akaanguka chali, “Mtoeni! Mtoeni!” Na bonge la chumvi, kubwa kama ngumi, likabiringika mpaka miguuni pa watu.

Dolkar akaliokota, akalikoroga kikombeni mwake, akaonja.

“Njooni mlione zimwi,” akasema. “Nami miaka yote nadhani manyoya yake ni ya mwilini, kumbe yana vifungo!”