Dume la Emojong na Kikohozi cha Ukoo Mmoja

Naapa kwa kaburi la baba, na la babu pia, na kama hayatoshi nichimbieni la tatu: kila neno hapa ni kweli. Anayebisha aondoke sasa, kiti chake kina watu.

Hapo zamani, mashavu yangu yakiwa bado yamejaa, kijiji chetu pale mpakani kiliingiwa na kikohozi. Mtu akikohoa kwetu, kuku wa upande wa Uganda wanaruka. Watu walikonda mpaka mshipi unamzunguka mtu mara mbili.

Sasa kwetu kuna sheria. Aliyeleta ugonjwa anatoa dume la ng'ombe, linachinjwa, watu wanakula. Macho yote yakaenda kwa Emojong, dereva wa lori, karudi kutoka Mombasa anakohoa. Alikuwa na dume moja tu. Ndilo lililomlimia, ndilo lililolisha watoto wake.

Mzee Okiring, mkubwa wa ukoo, akasema, "Lifungwe. Na wewe pombe utanywea nje."

"Papa, baba yangu, si mimi."

"Hata mwizi wa kuku husema hivyo."

Dume likafungwa. Kisu kikanolewa. Ndipo akaja Asere, binti wa maabara, akasema, "Kabla hamjachinja, nipeni makohozi." Tukatema kila mtu kikopo chake. Mimi nilitema mpaka akaniomba nibakishe mengine mwilini.

Akayapeleka maabara, wiki zikapita, akarudi. Akatwambia vijidudu vya TB vina koo na milango kama sisi, na ukivichungulia ndani kabisa, kila ukoo una alama yake, kama ya kidole gumba.

"Cha Emojong ni mgeni," akasema. "Hapa hakuna mwingine mwenye nacho. Nyinyi wengine wote ni ukoo mmoja, na ukoo huohuo nimeukuta Tororo, nimeukuta Busia."

"Nani alianza?" Okiring akauliza.

"Alama haisemi nani alimpa nani, mzee. Hilo semeni wenyewe. Nani alikohoa kwanza, na Tororo anafika, na Busia anafika?"

Tukageuka wote kumtazama Omuse, yule mwimbaji wa kwenye vyungu vya ajono, pombe yetu ya wimbi. Hakuna chungu mkoa mzima ambacho hajakiimbia.

Emojong akafungua kamba ya dume lake. Okiring akamshika mkono. "Ngoja. Lako likienda, la nani litakuja? Watu wameshawasha moto."

Omuse akasema, "Kukohoa nilikohoa. Lakini nilikuwa naimba mlangoni, penye upepo. Nani alinifungia ndani?"

Aliyemfungia ni Mama Amoding, mpishi wa ajono. Alimwingiza ndani, akaziba madirisha yote kwa udongo, kwa sababu watu walikuwa wanasimama nje wanasikiliza nyimbo bila kunywa.

"Niliziba, ndiyo," akasema. "Nyimbo ni zangu, nimezilipia. Kikohozi nilikiona mimi? Huyu alitaka kwenda hospitali, nani alimzuia?"

Aliyemzuia ni Okiring mwenyewe. Alikuwa anamwoza binti yake, akamwambia Omuse, "Kunywa pilipili, uimbe harusini. Kikohozi ni cha Emojong."

"Ningejuaje?" Okiring akasema. "Mimi si daktari. Na huyu Emojong naye alikuja na chake, msisahau."

"Changu hakikutoka nje ya shati langu," Emojong akasema. "Mlinikalisha nje, upepo ukakichukua. Mngenikaribisha, leo mngekuwa na koo mbili."

Dawa tulimeza sote miezi sita, tukapona. Mimi nilipona mara mbili. Lakini dume halijatolewa mpaka leo, na kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Sasa semeni nyinyi. Aliyekohoa, aliyeziba madirisha, au aliyemzuia mgonjwa asitibiwe: je, nani alistahili kutoa dume?

Jibuni polepole, na msirudie haya kokote. Huyo binti aliyekuwa anaozwa, mume wake ni mimi.